Siku 28 Zisizosubiri Kliniki

Wasomaji, hoja hizi mmezisikia. Zinasemwa stendi ya Mang'ula, zinarudiwa kwenye vijiwe vya kahawa, na hata walimu huzileta vikaoni: kwamba kuchunguza jinsi seli zinavyojigawa katika ubongo wa kiinitete ni kazi ya watu wa mbali, isiyomhusu mkulima wa mpunga wa bonde la Kilombero wala mkata miwa wa Kidatu. Nimezisikiliza hadi mwisho. Nimezipanga moja baada ya nyingine, na kila moja nitaieleza kwa namna ambayo mwenyewe akiisoma atakubali kuwa ndivyo alivyosema. Kisha nitaipima. Hukumu ni yenu.

Ninachodai ni kimoja. Ubongo wa mtoto una ratiba, na hatua ya kwanza ya hatari katika ratiba hiyo humalizika kabla wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Msaada wowote usiotokana na kuijua ratiba hiyo hufika umechelewa. Kuijua ratiba ndiko kuchunguza jinsi seli zinavyojigawa. Hakuna njia nyingine ya kuipata.

Kwanza yale yasiyobishaniwa. Karibu siku ya 18 au 19 baada ya mimba kutungwa, tabaka la seli mgongoni mwa kiinitete hunenepa na kuwa bamba. Bamba hujikunja, kingo zake hukutana na kuungana, na hapo unapatikana mrija wa neva, chanzo cha ubongo na uti wa mgongo. Upande wa kichwani huziba karibu siku ya 25, upande wa chini karibu siku ya 28. Mrija usipofungika juu, ubongo haujengeki na mtoto hawezi kuishi. Usipofungika chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji hujaa kichwani na kichwa kikawa kikubwa. Muda wote huo seli za ukuta wa mrija zinajigawa kwa kasi. Mwanzoni seli moja hutoa mbili zinazofanana nayo, zote zikiendelea kujigawa. Baadaye seli moja hutoa moja inayobaki kujigawa, na nyingine inayoondoka kwenda kuwa seli ya neva. Kwa mgawanyiko huo uliorudiwa mara nyingi, mtu mzima hufikisha seli za neva zipatazo bilioni 86. Haya wapinzani wangu hawayakatai. Wanachokataa ni kwamba yanatuhusu.

Hoja ya kwanza ni ya malaria. Inasema: bonde hili limezika watoto wengi kwa malaria, kwa hiyo kila shilingi na kila akili iende huko kwanza, ubongo wa kiinitete utasubiri. Nusu ya kwanza ya hoja hii ni kweli, na mwenye moyo hawezi kuidharau. Kosa liko katika kudhani kwamba malaria na mgawanyiko wa seli ni mambo mawili yanayogombea mfuko mmoja. Kimelea cha malaria hutudhuru kwa kujigawa ndani ya damu yetu. Vidonge vya SP anavyomezeshwa mama mjamzito kliniki vina sulfadoksini na pirimethamini, na vyote viwili humshambulia adui mahali pamoja: humzuia kutengeneza na kutumia foleti. Bila foleti seli haiwezi kunakili DNA yake, na isiponakili haiwezi kujigawa. Foleti hiyohiyo ndiyo inayohitajiwa na seli za mrija wa neva wa mtoto. Ndiyo sababu mojawapo SP haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba asidi ya foliki, yaani foleti ya vidonge, ya miligramu 5 au zaidi kwa siku isitolewe pamoja na SP, kwa kuwa huidhoofisha dawa, na kwamba mama anayetumia SP apewe miligramu 0.4.

Tazameni sasa hoja ilipofika. Ifakara, hapahapa bondeni, ndiko lilikofanyika jaribio la kuwapa watoto wachanga SP wanapopelekwa chanjo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha malaria ya mwaka wa kwanza wa maisha ikipungua kwa asilimia 59. Wanaosema "malaria kwanza" huyataja mafanikio ya namna hiyo kwa fahari, na wana haki. Lakini dawa iliyoleta mafanikio hayo hufanya kazi kwa kukata mgawanyiko wa seli. Anayetaka tuijue foleti ndani ya kimelea, na hataki tuijue ndani ya kiinitete, anataka muuguzi apange dozi ya mama akiwa anaijua nusu tu ya habari. Huko si kuipa malaria kipaumbele. Ni kupigana nayo bila kumtazama mtoto aliye tumboni.

Hoja ya pili ni ya asili ya tatizo. Ina sura mbili, na mara nyingi mdomo mmoja huzitoa zote. Sura ya kwanza: mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi ni mapenzi ya Mungu, na yaliyopangwa hayachunguzwi. Sura ya pili: mama alivunja mwiko, au alirogwa, au ukoo wao una laana. Imani ya mtu juu ya Mungu siibishi. Ninachopinga ni kuzishika sura hizi mbili kwa pamoja, kwa sababu zinakanushana. Kama jambo limetoka kwa Mungu pasipo tendo la mtu, mama hana hatia, na wanaomnyooshea kidole wanyamaze. Kama limetokana na tendo, basi lina chanzo hapa duniani, na chenye chanzo kinachunguzika. Hakuna mlango wa tatu.

Na chanzo kimechunguzwa. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoendeshwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza katika vituo 33 vya nchi 7. Wanawake 1,817 waliokwisha kupata mimba yenye tatizo la mrija wa neva waligawanywa katika makundi. Waliopewa asidi ya foliki tangu kabla ya kushika mimba nyingine, tatizo lilipungua kwao kwa asilimia 72. Mwaka uliofuata, watafiti wa Hungaria walionyesha kwamba kinga hiyo huwafaa hata wanawake ambao hawajawahi kupata tatizo hilo. Laana haipungui kwa vitamini. Kilichopungua ni upungufu wa kitu ambacho seli hukihitaji ili zijigawe. Hata pale tatizo jingine la ubongo linapopita ndani ya ukoo, elimu hii imetoa jibu lenye jina: mwaka 2002, uchunguzi wa familia ambazo watoto wao walizaliwa na vichwa vidogo uliibua jeni ya ASPM, inayohusika na nyuzi zinazopanga kromosomu seli inapojigawa. Ukoo haukulaaniwa. Ulirithi hitilafu katika mashine ya kugawa seli.

Kuna madhara mengine ya hoja hii yasiyosemwa. Inayaweka matatizo yote ya kichwa katika kapu moja. Huko Mbale, Uganda, daktari wa upasuaji Benjamin Warf alionyesha kwamba watoto wengi waliofikishwa hospitalini wakiwa na vichwa vikubwa walipata tatizo hilo kutokana na maambukizi baada ya kuzaliwa, si kutokana na mrija wa neva. Matatizo mawili yenye sura moja, kinga mbili tofauti: moja inahitaji foleti kabla ya mimba, nyingine inahitaji usafi na tiba ya haraka kwa mtoto mchanga. Anayesema "laana" hazuii lolote kati ya hayo mawili. Anachofanikiwa ni kumwachia mama mzigo wa aibu, mara nyingine na mume akaondoka, huku mtoto akikosa siku ambazo angepaswa kuwa njiani kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili kufanyiwa upasuaji.

Hoja ya tatu ndiyo yenye heshima kuliko zote, kwa sababu inatoka kwa watu wanaoithamini hospitali. Inasema: haya yote kliniki imeshayashughulikia. Mama akienda hupewa vidonge vya kuongeza damu, na ndani yake mna asidi ya foliki. Tunahitaji mama wahudhurie, hatuhitaji somo la seli. Hapa naomba mahakimu wahesabu pamoja nami. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, mimba hutungwa karibu siku ya 14. Atakapokosa hedhi, kiinitete kina umri wa wiki mbili hivi. Mrija wa neva utakuwa umefungika wiki mbili baadaye. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya kushuku, zimebaki kama siku 14, na hiyo ni kwa mwanamke anayehesabu siku zake bila kukosea. Shirika la Afya Duniani linataka hudhurio la kwanza lifanyike ndani ya wiki 12 za ujauzito. Kwa hesabu ya kliniki, ambayo huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, mrija umefungika wiki ya 6. Hata mama mwenye bidii anayefika wiki ya 12 hufika wiki 6 baada ya jambo kumalizika. Wapo wengi wanaofika mwezi wa nne au wa tano.

Sisemi vidonge hivyo havina kazi. Vinazuia upungufu wa damu, na mgawanyiko wa seli za ubongo unaendelea kwa miezi baada ya mrija kufungika. Lakini hoja ilidai kwamba kliniki imelishughulikia tatizo la mgongo wazi, na kalenda inakataa. Asidi ya foliki ya kuzuia mgongo wazi humezwa kabla ya mimba kutungwa na kuendelea miezi mitatu ya kwanza. Anayestahili kulisikia hilo ni binti anayejiandaa kuolewa, ni mke anayepanga kuacha sindano ya uzazi wa mpango, ni mama aliyejifungua mwaka jana. Hakuna kati yao aliye na kadi ya kliniki ya wajawazito mkononi.

Kuna shahidi mwingine, ng'ambo ya mto Kilombero. Milima ya Mahenge, wilayani Ulanga, inajulikana katika vitabu vya tiba tangu daktari Louise Jilek-Aall alipoanza kuwahudumia wagonjwa wa kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa wingi wa wagonjwa aliowakuta. Miongoni mwa dawa za kifafa iko valproeti, ambayo huongeza hatari ya mgongo wazi ikitumiwa wakati mrija wa neva unafungika. Mwanamke wa Ulanga mwenye kifafa asiache dawa yake hata siku moja bila ushauri wa daktari, kwani degedege nalo ni hatari kwake na kwa mtoto. Lakini anastahili daktari atakayefikiria dawa ipi ampe miezi mingi kabla hajashika mimba. Daktari huyo hawezi kufikiri hivyo bila kuijua ratiba ya siku 28. Kusema "ataelezwa kliniki" ni kumwahidi ushauri baada ya uamuzi.

Hoja ya nne ni ya chakula. Inasema: bibi zetu walikula matembele, mchicha na kisamvu, wakazaa salama, na kwa wasiokula mboga, serikali imeamuru unga utiwe virutubishi. Tuanze na bibi. Ni kweli mboga za majani na maharage vina foleti. Ni kweli pia kwamba foleti huyeyuka katika maji na kuharibiwa na joto, kwamba mboga iliyochemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa huwa imepoteza sehemu kubwa, na kwamba mwili hufyonza foleti ya chakula kwa kiasi pungufu kuliko asidi ya foliki. Kuhusu kuzaa salama, ulizeni ni nani aliyekuwa anaandika. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi kijijini miaka hiyo hakufika hospitali. Alifariki ndani ya siku chache na akazikwa bila kuingia daftari lolote. Kukosekana kwa kumbukumbu kunathibitisha jambo moja tu, kwamba hakukuwa na kumbukumbu.

Sasa unga. Tanzania ilitunga kanuni za urutubishaji wa vyakula mwaka 2011 na kuuzindua mpango wenyewe mwaka 2013. Unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani hutakiwa kuongezwa virutubishi, asidi ya foliki ikiwemo. Ni hatua njema, na inafanya kazi inapotekelezwa kikamilifu. Afrika Kusini, ambako watu hula ugali wa mahindi kama sisi, ilianza kwa lazima Oktoba 2003, na matatizo ya mrija wa neva yakapungua kwa takriban asilimia 30. Lakini sehemu kubwa ya unga wa mahindi nchini mwetu husagwa kwenye mashine ndogo za mitaani. Mama wa Mang'ula hubeba debe lake la mahindi hadi mashine, akarudi na sembe au dona isiyoongezwa chochote. Na mara nyingi hali ugali. Anakula wali wa mpunga wa hapahapa, uliopita kwenye mashine ya kukoboa na kuingia sufuriani. Kanuni inayosimamia kiwanda haijamfikia.

Zaidi ya hilo, hoja hii inajikata yenyewe. Inakataa elimu ya mgawanyiko wa seli kwa kutaja unga uliotokana na elimu hiyo. Nani aliyejua kwamba kirutubishi cha kuongeza ni foleti, na kwamba lazima kiwe mwilini kabla ya mimba, hivyo kiwekwe katika chakula cha kila siku badala ya kidonge cha kliniki? Ni waliochunguza mrija wa neva. Huwezi kuusifu unga ukayadharau maarifa yaliyouagiza.

Hoja ya tano ni ya maadili, na ninaipa uzito wake. Inasema: kuchunguza kiinitete ni kuchezea uhai wa binadamu. Ningekubali, kama uchunguzi huu ungekuwa umejengwa juu ya viinitete vya binadamu. Lakini sehemu kubwa ya tunachojua imetoka katika yai la kuku, panya na samaki wadogo wenye viinitete vinavyopitisha mwanga. Mwishoni mwa karne ya 19, mtafiti Wilhelm His aliona seli za duara zikijigawa upande wa ndani wa ukuta wa mrija, na seli ndefu zikisimama kati ya ndani na nje, akahitimisha kuwa ni aina mbili tofauti. Mwaka 1935 mtafiti F. C. Sauer alionyesha, kwa viinitete vya wanyama, kuwa ni seli zilezile katika nyakati tofauti: kiini cha seli husafiri kwenda upande wa nje, kisha hurudi ndani kujigawa. Mwaka 1959 watafiti walithibitisha hilo kwa panya, wakitumia thaimidini yenye mnururisho inayoingia katika DNA wakati inaponakiliwa. Thaimidini ni kijenzi kilekile cha DNA ambacho mwili huhitaji foleti ili kukitengeneza kwa ajili hiyo. Kilichowasaidia watafiti kuufuata mgawanyiko ndicho kinachopungua mama anapopungukiwa foleti.

Ukilijibu hilo, watu walewale hugeuka na kusema: basi kama ni kuku na panya, yanatuhusu nini sisi binadamu? Angalieni walivyohama. Dakika moja iliyopita uchunguzi ulikuwa mbaya kwa sababu unahusu binadamu mno; sasa hauna maana kwa sababu hauhusu binadamu. Wachague moja. Na wakichagua la pili, jibu lipo. Utaratibu ni mmoja; kinachotofautiana ni idadi ya mizunguko. Katika gamba la ubongo la panya, seli mama hupitia mizunguko 11 hivi ya kujigawa ndani ya siku 6. Kwa tumbili aina ya rhesus, ni mizunguko isiyopungua 28 ndani ya siku 60. Mkazi wa Mang'ula anayewaona komba na nyani wa Udzungwa anazitazama bongo zilizojengwa kwa kanuni moja na kufikia ukubwa tofauti. Tofauti hiyo haitubatilishii ushahidi wa panya. Inatuonyesha mahali pa kuutazama ubongo wetu wenyewe.

Hoja ya sita inahusu Zika. Inasema: virusi vinavyodumaza ubongo wa mtoto tumboni ni janga la Brazil, Tanzania hakuna. Historia inaanza karibu nasi zaidi. Virusi vya Zika vilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda, katika damu ya tumbili wa utafiti. Mwaka 1948 vikapatikana kwa mbu wa msitu huohuo. Brazil ilivifahamu kwa madhara yake mwaka 2015, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Mwaka huohuo maabara zilionyesha kwamba virusi hivyo huziingia hasa seli mama za ubongo, zile zinazojigawa, na kuvuruga mzunguko wao. Kichwa hubaki kidogo kwa sababu seli za kutosha hazikuzaliwa. Waliokuwa wameshazisoma seli hizo kwa miaka 80 ndio walioweza kulieleza janga hilo ndani ya miezi michache.

Na hapa nchini? Desemba 2016, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilitangaza kuwa imekuta dalili za maambukizi ya Zika katika sampuli ilizopima. Serikali ikasema hakuna mlipuko, na uteuzi wa mkurugenzi mkuu wa taasisi hiyo, Dk. Mwele Malecela, ukatenguliwa. Kauli hizo mbili zipimwe kwa utulivu. Kusema hakuna mlipuko si kusema hakuna maambukizi, na kusema kuna maambukizi si kusema kuna mlipuko. Zingeweza kusimama pamoja. Wanaozichukua kama ushahidi kwamba "Zika hakuna" wamejibu swali ambalo halikuulizwa. Mbu anayehusika ni Aedes, aliyekwisha kusambaza dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Yeye huuma mchana na huzaliana katika matairi na vyombo vya maji uani. Chandarua cha usiku, ambacho bonde la Kilombero limekitumia vizuri dhidi ya malaria, hakimzuii. Kutopima kichwa cha mtoto mchanga hakumfanyi mbu huyo asiwepo.

Hoja ya saba na ya mwisho inatoka kwa waliochoka: hayo yote kweli, lakini sisi hatuna uwezo, na elimu ya viinitete haina mizizi Kilombero. Waliosema hivi hawaijui Ifakara yao. Rudolf Geigy wa Basel, aliyeianzisha maabara ya Ifakara katika miaka ya 1950 kama kituo cha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, hakuanzia kwa mbu wala papasi. Mwaka 1931 alichapisha utafiti wa mayai ya nzi wa matunda. Aliipiga ncha ya nyuma ya yai kwa miale ya urujuanimno, akaharibu chanzo cha seli chache zinazojitenga hapo mapema, na nzi akakua akiwa na viungo vyake vyote lakini tasa. Alikuwa ameonyesha kwamba saa chache za mwanzo, na seli chache, zaweza kuamua maisha yote ya mnyama. Mtu aliyeyajua hayo ndiye aliyeijenga maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Elimu ya viinitete ilifika Kilombero kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Kuhusu uwezo, tuhesabu tulichonacho. Tangu mwaka 1996 taasisi hiyo imekuwa ikifuatilia kaya za vijiji vya Kilombero na Ulanga, ikiandika mimba, vizazi na vifo. Ifakara ina hospitali ya Mtakatifu Fransisko na chuo kinachofundisha madaktari. Zahanati huwa na mizani na utepe wa kupimia. Kumpima mtoto mchanga kichwa na kumtazama mgongo, kisha kuandika, hakuhitaji mtambo. Na shule ya sekondari yenye mayai ya kienyeji, joto la nyuzi 38 na lenzi ya mkono inaweza kuwaonyesha wanafunzi mrija wa neva uliofungika kwa sehemu kubwa baada ya siku 2. Msichana aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hataambiwa na mtu kwamba miezi mitatu ya kwanza ni ya kusubiri.

Mahakimu, jumlisheni. Wapinzani wametaka tuijue foleti katika malaria na tuisahau katika mtoto. Wamesema tatizo halina chanzo, na wakamshtaki mama kuwa chanzo. Wameileta kliniki inayoanza baada ya mrija kufungika, wakausifu unga uliozaliwa na elimu wanayoipinga, wakalaumu utafiti kwa kugusa binadamu na kwa kutomgusa. Hoja zinazobomoana hivi haziwezi kushinda pamoja, na hakuna hata moja iliyoweza kusimama peke yake.

Kinachotakiwa Mang'ula kinajulikana na ni cha bei nafuu. Asidi ya foliki ya miligramu 0.4 ipatikane kwa kila mwanamke anayeweza kushika mimba, kwenye huduma za uzazi wa mpango na siku mtoto anapopelekwa chanjo, si kliniki ya wajawazito peke yake. Mashine za kusaga za mitaani zisaidiwe kuchanganya virutubishi. Kila mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kisicho cha kawaida aandikwe na apewe rufaa siku ileile. Wanawake wenye kifafa washauriwe kuhusu dawa kabla ya mimba. Na somo la jinsi ubongo unavyojengwa lifundishwe kwa wasichana na wavulana kabla hawajawa wazazi. Anayepinga mojawapo ya haya anadaiwa hoja mpya, kwa kuwa hizi saba zimekwisha.